Mtandao Ulioitupa Ramani

Je, wajua kuwa ruta inaweza kufikisha ujumbe upande wa pili wa jiji bila kuijua njia ya kufika huko?

Jambo hilo lilithibitishwa Berlin, Ujerumani, na jumuiya ya Freifunk. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanachama wake hufunga ruta za Wi-Fi madirishani na juu ya mapaa, nazo hupokezana data zenyewe kwa zenyewe, bila mnara wala kampuni ya simu katikati. Ruta mpya ikiwashwa hujitambulisha kwa zilizo jirani. Ikizimika, nyingine huikwepa. Hakuna anayekaa ofisini kupanga nani aunganishwe na nani.

Kazi ni kuipata njia. Freifunk walianza na itifaki iitwayo OLSR, ambamo kila ruta hubeba ramani ya mtandao mzima, na ramani ikibadilika hukokotoa upya njia za kwenda kila mahali. Kwa ruta ishirini hakuna tatizo. Lakini kwenye mtandao wa ruta 450 hesabu hiyo ilichukua sekunde kadhaa, kwa kuwa ruta ya nyumbani ina kichakataji kidogo. Na mawimbi ya redio hayasubiri. Hesabu ikikamilika, hali imeshageuka. Ruta mbili zenye ramani zisizolingana huweza kurudishiana paketi ileile ya data mpaka ipotee.

Baadhi ya wanachama wa Freifunk wakaamua kuitupa ramani yenyewe. Itifaki waliyoiunda inaitwa B.A.T.M.A.N., na kwa maoni yangu uzuri wake uko katika kile inachokataa kukijua. Kila ruta hutoa tangazo fupi, kwa kawaida mara moja kwa sekunde, lenye jina lake na namba ya mfuatano. Majirani hulipokea na kulirudia, na majirani wa majirani vivyo hivyo. Njia mbovu hupoteza matangazo mengi, njia nzuri huyafikisha. Basi ruta iliyo mbali huhesabu tu ni jirani yupi ameiletea matangazo mengi zaidi ya ruta fulani kwa muda wa karibuni. Paketi za kwenda kwa ruta hiyo humkabidhi jirani huyo. Ndivyo mgeni anavyofika nyumba aitafutayo katika vichochoro vya Mji Mkongwe, Unguja: kila anayemuuliza humwonyesha kona inayofuata tu.

Palikuwa na kasoro. Kumsikia jirani vizuri hakuthibitishi kwamba naye anakusikia vizuri, kwani huenda antena yake ina nguvu kuliko yako. Toleo la nne likaanza kupima ubora wa kiungo kwa pande zote mbili.

Hata hivyo tatizo la ukubwa halikuisha. Matangazo nayo hujaza hewa kadiri ruta zinavyoongezeka. Mwaka 2000 watafiti Gupta na Kumar walionyesha kwa hisabati kwamba katika mtandao wa aina hii kasi anayopata kila mmoja hupungua wanapozidi watumiaji, hata njia zikichaguliwa kwa ustadi wote. Mwaka huohuo watafiti wengine, Brad Karp na H. T. Kung, walipendekeza ruta ijue mahali ilipo na walipo majirani zake, kisha impe paketi aliye karibu zaidi na mlengwa. Hapo hakuna haja ya matangazo ya mtandao mzima, ila lazima mahali pa mlengwa pajulikane.

Afrika nayo imo. Mradi wa Village Telco wa Afrika Kusini uliweka B.A.T.M.A.N. ndani ya Mesh Potato, kifaa kinachochomekwa simu ya kawaida ya mezani ili majirani wapigiane simu kupitia mtandao wao wenyewe.

Tangu 2011 B.A.T.M.A.N. imo katika kiini cha mfumo endeshi wa Linux, bila malipo. Ukiwa fundi au mwalimu wa kompyuta mwenye ruta kuukuu nne zinazokubali programu ya OpenWrt, ziwekee B.A.T.M.A.N., zitawanye katika nyumba za jirani, kisha zima moja ya katikati uone paketi zinavyotafuta njia nyingine.