Fonti za bure: Soma leseni kabla ya kuchapa

WATENGENEZAJI wengi wa kadi, vitabu na mabango hupakua fonti yoyote inayotangazwa kuwa ya bure, kisha wakaitumia katika kazi ya mteja. Mazoea hayo yana hatari, kwani kupata kitu bila malipo si sawa na kuruhusiwa kukifanyia biashara.

Fonti za serifu ni zile ambazo herufi zake zina vijimkia kwenye ncha za mistari, kama ilivyo Times New Roman. Hupendwa katika vitabu, vyeti na mialiko kwa sura yake ya heshima.

Jambo la kwanza ni leseni. Baadhi ya fonti za bure huwa na sharti la matumizi binafsi tu. Anayeitumia fonti ya aina hiyo katika nembo ya kampuni anaweza kudaiwa na mwenye haki, hata baada ya kazi kuchapwa.

Kinga ni kutafuta fonti yenye leseni huria. Mojawapo inayotumika sana ni SIL Open Font License, ambayo toleo lake la 1.1 lilitolewa mwaka 2007. Inaruhusu kuitumia fonti kibiashara, kuigawa na hata kuirekebisha. Kinachokatazwa ni kuiuza fonti yenyewe peke yake.

Pili, fonti ilingane na kazi. EB Garamond, inayofuata herufi za Mfaransa Claude Garamont wa karne ya 16, hufaa maandishi marefu ya kitabu. Playfair Display hupendeza kwenye vichwa vikubwa, lakini ikipunguzwa sana mistari yake myembamba hufifia. Charis inatokana na Charter, aliyoibuni Matthew Carter mwaka 1987 ili isomeke hata kwa printa hafifu. Kwa hiyo hufaa nyaraka zitakazotolewa nakala nyingi.

Tatu, hakikisha herufi zote zimo. Kiswahili hakina shida kubwa, ila ritifaa ya neno kama ng'ombe itazamwe isiachane na herufi jirani. Anayechapa Kikuyu anahitaji ĩ na ũ. Zikikosekana, kompyuta huziazima kutoka fonti nyingine, na neno Gĩkũyũ likaonekana kama nguo yenye viraka. Gentium, jina la Kilatini lenye maana ya "ya mataifa", ilibuniwa kuhudumia lugha nyingi za namna hiyo.

Angalia pia kama fonti ina herufi nzito na za mlazo zilizochorwa hasa, kwani zile zinazobuniwa na kompyuta huwa na sura mbaya.

Hatimaye, chapa ukurasa mmoja kwa ukubwa halisi, umsomeshe mtu mwingine, na uhifadhi nakala ya leseni pamoja na faili la kazi. Ukurasa mmoja wa majaribio ni nafuu kuliko nakala 1,000 za kutupwa.