Usiifute Kaseti Ile

Yawezekana kabisa kwamba chini ya kitanda chako, au juu ya kabati la vyombo, kuna boksi la viatu lililojaa kaseti ambazo hazijasikilizwa tangu redio ya nyumbani ilipoharibika. Kabla hujalitoa boksi hilo pamoja na takataka za usafi wa sikukuu, naomba unipe nafasi nikueleze jambo. Mimi nina deni katika habari hii, na ni afadhali nilitaje mapema.

Tulikuwa tukikaa Magomeni Kagera, katika nyumba ya vyumba sita na ukumbi katikati, wapangaji wanne na choo kimoja. Marehemu baba alikuwa na redio kaseti ya National, na alikuwa na kaseti moja ambayo sisi watoto tulikatazwa kuigusa. Aliirekodi mwenyewe mwaka 1979, usiku wa Jumamosi, katika baa moja ya hapa hapa Magomeni, akiwa ameiweka redio juu ya meza na kuifunika kanga ili chupa zisiingize makelele. Bendi iliyokuwa ikipiga ilikuwa Mlimani Park, ambayo wakati huo haijatimiza hata miaka miwili. Mwaka 1998, nikiwa na umri wa miaka kumi na mmoja, nilitaka kuhifadhi matangazo ya mpira wa Simba na Yanga. Kaseti tupu sikuwa nayo. Nilichukua ile.

Baba hakunipiga. Aliisikiliza mpaka ikaisha, kisha akasema, "Umemfuta Gurumo, mwanangu," akatoka nje kukaa barazani.

Kwa wakati ule sikuelewa hasara yenyewe. Nilifikiri moyoni mwangu kwamba nyimbo za Mlimani zinapigwa redioni kila siku, kwa hiyo kilichopotea ni kitu gani? Ilinichukua miaka mingi kujua kwamba nyimbo za redioni na zile za kaseti ya baba hazikuwa kitu kimoja.

Mlimani Park ilianzishwa mwaka 1978, ikamilikiwa kwanza na shirika la usafiri na teksi, TTTS, na kuanzia mwaka 1983 ikawa chini ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, ndipo ikaitwa DDC Mlimani Park. Waliokuwamo hawakuwa wageni katika muziki. Muhidin Maalim Gurumo alikwisha kuvuma na NUTA Jazz, ambayo baadaye iliitwa JUWATA; Michael Enoch alikuwa mpiga gitaa wa Dar es Salaam Jazz tangu enzi za nyuma; walikuwapo Abel Balthazar na Cosmas Chidumule. Lakini bendi yenyewe ilikuwa changa, na ilikuwa bado inajitafutia sauti yake. Jina la Sikinde, lililotokana na ngoma ya Wazaramo, ndilo ambalo hatimaye mji mzima ulilishika.

Sasa fikiri namna nyimbo zilivyohifadhiwa wakati huo. Nchini hapakuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri. Bendi iliyotaka santuri ilisafiri hadi Nairobi, na iliyobaki hapa ilikwenda studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, Barabara ya Pugu, ambayo siku hizi ni Barabara ya Nyerere. Huko wanamuziki walipiga wote kwa pamoja mbele ya vipaza sauti vichache, moja kwa moja kwenye utepe. Hapakuwa na kurudia sauti ya mmoja na kuibandika juu ya nyingine kama ifanyikavyo leo. Kwa hiyo kanda za RTD zina uhai mwingi sana, na sishangai kwamba wageni walizitafuta: mwaka 1994 kampuni ya Africassette ya Detroit, Marekani, ilitoa diski ya Mlimani Park iliyoitwa "Sikinde", na mtu wa Ulaya au Marekani akaweza kununua dukani kile ambacho sisi tulikinakilisha kwa mwenye meza ya kaseti Kariakoo.

Hata hivyo, studioni wimbo una mipaka yake. Unapangwa, unapimwa kwa dakika, na hapana mtu anayekohoa. Ukumbini wimbo ule ule huingia kwenye chemko na kukaa humo mpaka wachezaji wachoke. Mwimbaji humtaja aliyemtunza, husalimu meza ya watu wa Mapipa, hubadili maneno kwa kuwa ameona fulani ameingia na mke wa pili. Nyimbo nyingine zilipigwa ukumbini kwa wiki kadhaa kabla hazijapelekwa studioni, huku beti zikijaribiwa na kuachwa. Bila shaka nyingine hazikufika studioni kabisa. Hizo hazimo katika maktaba yoyote ya redio. Kama zimo popote, zimo katika lile boksi la viatu.

Jambo hili si letu peke yetu. Desemba 1962, katika klabu ya Star-Club mjini Hamburg, vijana wanne kutoka Liverpool ambao dunia ilikuwa bado haijawajua walirekodiwa kwa mashine ya nyumbani wakipiga mbele ya walevi. Mashine ilikuwa duni na sauti ni za mkwaruzo. Vijana hao walikuwa The Beatles, na utepe ule ulitolewa kuwa santuri mwaka 1977. Huko Marekani nako, mwaka 1982, kundi la Metallica, wapigaji wa ule muziki mzito wa magitaa unaowafanya wazazi wafunge madirisha, lilirekodi kaseti iliyopita mkono kwa mkono kati ya vijana, na mwaka uliofuata ndipo likatoa albamu yake ya kwanza.

Sisi tunao mfano wa karibu zaidi. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, mashariki ya Kongo, alifika Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na bendi ya jamaa yake, Orchestra Makassy. Makassy ilipohamia Nairobi, yeye hatimaye akawa na Super Matimila, na wapenzi wa dansi wa mji huu walimjua vizuri. Ulaya hawakumjua. Kilichobadili mambo ni kanda: rafiki mmoja aliyekuwa akirudi Uingereza aliichukua na kuifikisha kwa waandaaji wa tamasha la WOMAD. Mwaka 1988 Remmy na wenzake walialikwa kusafiri na tamasha hilo, na mwaka huo huo ikatoka "Nalilia Mwana", iliyokusanya nyimbo alizokwisha kurekodi huku kwetu. Mwaka 1989 ikafuata "Songs for the Poor Man", iliyorekodiwa Uingereza katika studio za Real World. Alifariki Desemba 2010, na kituo cha basi cha Sinza kwa Remmy kinabeba jina lake hadi leo. Jiulize ingekuwaje kama rafiki yule, badala ya kuibeba kanda ile, angerekodi mpira juu yake.

Utaniuliza: je, kaseti ikiwa yangu, na muziki si wangu? La hasha. Utepe ni mali yako, lakini wimbo ni wa mtunzi na waliouimba, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawalinda wao na warithi wao. Kuiokoa kaseti isiharibike ni jambo moja. Kuinakili na kuiuza ni jambo jingine, ambalo halifai kufanywa bila kupitia kwao na Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, ambayo wengi bado tunaiita COSOTA. Wanamuziki wetu wengi wamekufa maskini huku nyimbo zao zikiuzwa kila kona. Tusiwaongezee.

Kuhusu kuiokoa, fundi mmoja wa redio wa Mapipa alinifundisha mambo ambayo nayaandika kama alivyoyasema. Kwanza, vunja vile vijino viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kaseti. Vikishavunjwa, redio haiwezi tena kurekodi juu yake. Laiti baba angelijua hilo! Pili, usiiweke juu ya spika, kwa kuwa sumaku ya spika hula sauti, wala usiiache juani. Joto na unyevu wa Dar es Salaam huotesha ukungu mweupe juu ya utepe. Ukiuona usiipige, mpelekee fundi. Tatu, safisha kichwa cha redio kwa pamba na spiriti, kisha zungusha utepe mpaka mwisho na kuurudisha kabla ya kuupiga. Na unapoipiga, iwe ndiyo safari ya kuihamishia kwenye kompyuta, kwa waya unaotoka tundu la spika za masikioni, wala si kwa kuweka simu mbele ya redio. Andika juu ya ganda tarehe, ukumbi na bendi, ukiwauliza wazee wangali hai.

Mwanzoni mwa miaka ya 2010 vijana wa mradi ulioitwa Tanzania Heritage Project walichangisha fedha ili kanda za RTD zihamishwe kwenye kompyuta. Hiyo ni kazi ya kanda za studio. Za ukumbini hazina mradi.

Kaseti ya baba ninayo. Mpira ulikwisha kabla ya utepe, na mwisho wa upande wa pili zimesalia dakika nne. Zinasikika chupa, gitaa la pili likirekebishwa nyuzi, na sauti ya mtu aliye karibu sana na redio akimwita mhudumu na kuagiza soda mbili. Mama anasema ni baba, na ile soda ya pili ilikuwa yake.