Ampu Yako Inavuma? Usikimbilie Kununua Tyubu Mpya

Umejinyima miezi, ukanunua ampu ya gitaa ya mtumba, ile ya tyubu. Toni ni moto, lakini ukiacha kupiga unasikia mvumo: mmmmm. Fundi anakuambia ununue tyubu mpya. Ngoja kwanza, buda. Huenda shida ni waya.

Tyubu ndogo ya mwanzo kwenye ampu nyingi ni 12AX7. Ulaya huitwa ECC83, na ndiyo Jim Marshall na mafundi wake walitumia London kwenye ampu zao za kwanza, miaka ya 1960.

Ndani ya kioo kimoja mna tyubu mbili. Weka rizista ya kilo-ohm 100 kwenye anodi na ya kilo-ohm 1.5 kwenye kathodi, na kila moja itakuza sauti takriban mara 60. Uchafu wowote ukiingia hapo mwanzo nao unakuzwa hivyo hivyo, kisha hatua inayofuata inauongeza tena. Ndiyo maana waya moja iliyokaa vibaya hapa inasumbua ampu nzima.

Geuza soketi, hesabu pini 9 kuanzia kwenye pengo, ukifuata mwendo wa saa. 1 na 6 ni anodi, 2 na 7 gridi, 3 na 8 kathodi. Zilizobaki ni za hita. Kwa volti 6.3, unganisha 4 na 5, waya wa pili uende 9.

Waya hizo za hita kwa kawaida hubeba stima ya hezi 50, na hapo ndipo mvumo mzito huzaliwa. Zisokote pamoja kama rasta, zibane kwenye kona ya chasisi. Waya wa gridi uwe mfupi, na ukilazimika kupita karibu na hita, uikate kama msalaba, zisiende sambamba.

Mvumo ukiwa mkali zaidi, wa hezi 100, achana na hita. Hapo shuku kapasita kubwa za kuchuja stima.

Lakini skiza, kapasita hizo si za mchezo. Anodi hulishwa stima ya volti 200 kwenda juu, na kapasita huweza kushikilia chaji hata baada ya kuchomoa plagi. Inaweza kukuua. Zimwage chaji kupitia rizista, upime kwa multimita mpaka isome karibu sufuri, ndiyo uguse. Na kama ampu imetoka Marekani, hakikisha kwanza kama ni ya volti 120. Ukiichomeka moja kwa moja kwa stima yetu ya 240, utaichoma.

Huhitaji digrii kuelewa haya. Unahitaji multimita, mchoro wa ampu yako na subira. Na ukimpelekea fundi, angalau utajua unalipia nini.