Je, Wajua? Umri wa picha uko mgongoni

Je, wajua kwamba picha ya kale ya sura ya mtu, isiyo na saini, husema umri wake mgongoni kuliko usoni? Kabla hujatoa pesa, igeuze. Misumari midogo yenye kutu ukingoni mwa turubai ni dalili njema. Pini za stepla ni mambo ya karne ya 20, ingawa turubai kuukuu nayo huweza kuwambwa upya, hivyo usikurupuke. Ukikuta muhuri wa muuza turubai, una bahati: maduka ya turubai ya London yalihamahama, na anwani iliyo kwenye muhuri hubana miaka.

Kisha rangi: picha haiwezi kuitangulia rangi iliyomo. Buluu ya Prussia ilipatikana Berlin mwanzoni mwa miaka ya 1700, tena kwa bahati tu. Nyeupe ya titani ilianza kuwafikia wachoraji karibu na 1920. Nyeupe hiyo ndiyo iliyomuumbua Mjerumani Wolfgang Beltracchi, mghushi wa picha: ilikutwa kwenye picha iliyodaiwa kuwa ya mchoraji Heinrich Campendonk, ya mwaka 1914. Mwaka 2011 alihukumiwa kifungo cha miaka 6.

Mavazi? Yatazame mwisho, hata leo mtu aweza kuchorwa na kofia ya babu yake.