Je, Wajua? Ngumbaru, Kufuli Tatu na Fundi wa Chini ya Mwembe

Je, wajua kwamba ng'ambo ya feri, Kigamboni, kuna chuo kilichofunguliwa mwaka 1961, bendera ya Uhuru ikiwa bado haijapanda? Kiliitwa Kivukoni, na kiliwapokea watu wazima waliokosa sekondari. Leo ni Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere.

Je, wajua kwamba 1970 ulitangazwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima? Kwa hesabu za serikali, mwaka 1967 watu wazima wapatao 67 kati ya 100 hawakujua kusoma. Ilipofika 1986 hawakufika 10. Na ngumbaru, yaani masomo hayo ya watu wazima, haikuwa kuimba irabu tu. Kanda ya Ziwa vilitungwa vitabu vya kusomea vya kilimo cha pamba, vya migomba, vya uvuvi. Mtu alikutana na herufi akiwa tayari anakijua kinachosemwa, pengine kumshinda mwalimu.

Na kampeni ya afya ya Mtu ni Afya je? Mwaka 1973, majuma 12, redio katikati, watu kama milioni 2 wamekaa vikundi vikundi wakisikiliza, wakisoma vijitabu, wakibishana. Kisha wanashika majembe. Hapa ndipo ninapopapenda: somo la choo lilimalizikia kwenye shimo la choo.

Je, wajua kwa nini sanduku la VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, lina kufuli tatu? Funguo hukaa kwa watu watatu tofauti, hakuna awezaye kulifungua peke yake. Hisa hugongwa muhuri kitabuni, hivyo hata mama asiyejua kusoma huhesabu mihuri yake na kujua akiba yake.

Na kikundi kinachotaka mkopo wa nje je? Tangu 2018 sheria inazitaka halmashauri, Kinondoni na Temeke zikiwemo, kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Lakini kikundi kiwe na usajili, katiba, akaunti na andiko la mradi. Hilo andiko ndilo linalowatoa jasho wauza vitumbua wa Mbagala.

Na fundi wa chini ya mwembe? VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi yenye chuo Chang'ombe, ina urasimishaji wa ujuzi: aliyejifunzia gereji anapewa kazi, anaifanya mbele ya mpimaji, akifaulu anapata cheti. Zabuni ikitangazwa, naye ana karatasi ya kuambatisha.