Haki ya Mnyonge Katika Foleni ya Ini

Waswahili wamelipa ini heshima kubwa: neno chungu, wasema, hukata maini. Katika machimbo ya Geita na Shinyanga, na katika visiwa vya Ukerewe, Ukara, Kome na Maisome, ini hukatwa na mambo mengine yasiyo maneno. Hukatwa na homa ya ini aina B, na kichocho kinachoingia mwilini kwa maji ya ziwa, na pombe kali. Haya ni maradhi ya watu wanaofanya kazi kwa mikono yao.

Ini likishaharibika kabisa, tiba iliyobaki ni moja: kumpandikiza mgonjwa ini jingine, au kipande cha ini la ndugu yake, kwa kuwa ini ni kiungo kinachokua tena. Dakta Thomas Starzl aliijaribu kazi hiyo kwa binadamu kwa mara ya kwanza mjini Denver, Marekani, mwaka 1963, na mafanikio ya kwanza yakaonekana mwaka 1967. Nchini mwetu, upandikizaji wa figo ulianza Muhimbili mwaka 2017, na mwaka 2018 ukafuata katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Hizo ni hatua za kujivunia. Kwa upande wa ini, hata hivyo, macho ya Mtanzania bado huelekea ng'ambo, hasa India.

Hapo ndipo linapozuka swali la haki. Sheria ya India ya mwaka 1994 inakataza kununua na kuuza viungo vya binadamu, na ni vema ikakataza. Kwa sababu hiyo, mgonjwa wa kigeni kwa kawaida hulazimika kwenda na ndugu atakayemkatia kipande cha ini lake. Basi ni pasi mbili, nauli mbili na wiki nyingi za kulala ugenini. Kisha ni dawa za kumeza maisha yote ili mwili usilikatae ini jipya. Mfanyakazi wa mgodi mkubwa, mwenye bima na mwajiri, angalau anajua pa kuuliza. Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu au Rwamagasa, ambaye ujira wake ni fungu la mawe, na mvuvi ambaye ujira wake ni fungu la samaki, hata pa kuuliza hawapajui.

Mataifa yaliyotangulia yamelihangaikia swali hili. Nchini Marekani, zamani muda wa kungoja ulikuwa na uzito mkubwa katika kuamua nani apewe ini. Tangu mwaka 2002 hutazamwa kwanza ukubwa wa ugonjwa, kama unavyoonyeshwa na vipimo vya damu; aliye karibu zaidi na kifo hutangulia. Mwaka 2023 hesabu hiyo ilirekebishwa tena, baada ya kubainika kwamba ilikuwa ikiwapunja wanawake. Huo ni mfano mwema. Lakini kanuni ya foleni, hata iwe nzuri namna gani, huwapanga waliokwisha kuingia ndani. Haimfai aliyeachwa nje ya mlango.

Na mlango wa foleni yetu hauko India. Uko katika zahanati ya kisiwani na katika kituo cha afya kilicho jirani na machimbo. Homa ya ini aina B hukaa kimya mwilini kwa miaka mingi. Tumbo linapojaa maji, wapo wasemao kwamba mtu amerogwa, na miezi hupita kwa waganga. Wakati huo saratani huenda ikawa imekwisha kuota ndani ya ini. Tangu mwaka 1996 madaktari wengi duniani wamefuata kigezo kilichotungwa mjini Milan: uvimbe mmoja usiozidi sentimita 5, au usiozidi mitatu ambayo hakuna hata mmoja wenye kuzidi sentimita 3. Ukipita hapo, mgonjwa kwa kawaida hukataliwa kupandikizwa. Kwa hiyo mtu wa Ukara aliyechelewa amenyimwa haki yake kabla hata suala la fedha halijazungumzwa. Amenyimwa siku ile alipokosa kipimo cha ultrasaundi. Daraja la Kigongo hadi Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limemwondolea mtu wa Geita adha ya kungoja kivuko anapokwenda Bugando. Mwenzake wa visiwani bado anangoja chombo.

Lipo jambo la faraja: sehemu kubwa ya maradhi haya huzuilika. Chanjo ya homa ya ini aina B iliingizwa katika chanjo za watoto wetu mwaka 2002. Waliozaliwa kabla ya hapo, ambao ni wengi mashimoni na mitumbwini, hawakuipata utotoni. Kichocho hutibiwa kwa vidonge vya prazikwanteli. Na wengi walioumwa ini kwa kichocho hawahitaji ini jipya, bali daktari wa kuifunga mishipa ya umio kabla haijapasuka na kumwaga damu. Tenofoviri, dawa inayowafaa wengi wenye homa ya ini aina B, ni ile ile inayotolewa bila malipo katika kliniki za UKIMWI.

Wapo watakaosema kwamba, kwa kuwa kinga ni nafuu, fedha za kupeleka wagonjwa nje ziachwe. Hatukubaliani nao. Aliyekwisha kuugua naye ni raia. Tunachodai ni kwamba milango yote miwili ifunguliwe kwa haki.

Kwanza, Wizara ya Afya ibandike katika kila hospitali ya wilaya, Nansio na Sengerema kama Kahama na Geita, masharti ya rufaa ya kwenda nje: nani hustahili, nani huamua, na aliyekataliwa alalamike wapi. Pili, mwenye homa ya ini aina B aipate tenofoviri kwa wepesi ule ule aupatao mwenye UKIMWI. Tatu, Sheria ya Madini, kwa marekebisho ya mwaka 2017, inazitaka kampuni zikubaliane na halmashauri kuhusu mchango wao kwa jamii. Sehemu ya mchango huo ipime na kuchanja watu wazima katika machimbo madogo. Visiwani, ambako hakuna mgodi wa kuchangia, Serikali ibebe mzigo huo yenyewe.

Dhahabu ya ukanda huu hupimwa kwa mizani nyeti, na hata chembe haipotei. Uhai wa wanaoichimba, na wa ndugu zao wavuvi wa visiwani, nao unastahili mizani ya namna hiyo. Wahenga walikwisha kuhukumu: mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.