Picha ya bibi na skana ya Kanduyi

Nilikuwa Kanduyi, pale njia ya kuingia Bungoma mjini inapochepuka kutoka barabara kuu ya Malaba. Mjomba wangu aliondoka Mombasa ujanani akaenda kufanya biashara huko, na huko ndiko alikozikwa, Mungu amrehemu. Baada ya hitma tukafungua sanduku lake, tukakuta picha ya bibi mzaa mama, inchi 3 kwa 4, ina mikunjo, na doa la maji limemfunika kidevu. Hatuna picha nyingine ya bibi. Kila mtu akaitaka.

Nikaipeleka saiba moja ya hapo. Kijana akatoa simu, akaipiga picha mara moja. "Mzee, tayari. Nikutumie kwa WhatsApp?" Nikamwambia, ngoja kwanza, mwanangu, washa skana.

Ndugu msomaji, hapa ndipo wengi tunapoharibikiwa. Picha ndani ya kompyuta ni vijiraba vidogo vidogo viitwavyo pikseli, na kila kimoja kina tarakimu za rangi yake. Skana hupitisha taa chini ya kioo na kuvihesabu. Wewe ndiye unayeamua ihesabu vingapi kwa kila inchi. Ukichagua 300, picha yetu inapata 900 kwa 1,200, inatosha kuchapa kwa ukubwa uleule. Ukichagua 600, unapata 1,800 kwa 2,400, nayo unaweza kuichapa inchi 6 kwa 8 bila ukungu. Russell Kirsch, Mmarekani aliyeskani picha ya mwanawe mchanga mwaka 1957, alipata 176 kwa 176 tu!

Futa kioo cha skana, lakini picha yenyewe usiipanguse kwa kitambaa chenye maji. Na hata kama ni nyeusi na nyeupe, iskani kwa rangi. Doa la maji huwa na umanjano, na kwa rangi ni rahisi kulitenga na picha.

Faili ya kwanza ihifadhi kwa TIFF, kisha usiiguse. JPEG ni nyepesi, lakini kila unapoirekebisha na kuihifadhi upya hupoteza kitu. WhatsApp nayo huikamua picha, basi ukilazimika kuituma huko, itume kama dokumenti.

Marekebisho yote yafanyike kwenye nakala. Kijana alikuwa hodari, sina budi kusema. Kwenye mikunjo alichukua sehemu safi ya jirani akaibandika juu ya ufa, na ukuta nyuma ya bibi ukarudi kuwa ukuta. Alipofika kidevuni akabonyeza programu inayojaza uso yenyewe. Bibi akapata kidevu, ngozi laini na midomo ya mtangazaji wa televisheni. Nami, nikiri, nilifurahi.

Jioni nikamwonyesha mkaza mjomba. Akaitazama kitambo, akanirudishia. "Huyu si mavyaa. Mavyaa alikuwa na kishimo hapa," akagusa kidevu chake. Kishimo kile kilikuwa chini ya doa, na programu ingekijuaje? Ilikisia tu, kutokana na nyuso za watu wengine.

Kuchezea picha si jambo geni kwetu. Omar Said Bakor wa Lamu, tangu miaka ya 1960, alikuwa akiunganisha picha mbalimbali kwa mkono katika chumba cha giza, na usanii wake unaonekana wazi. Hii ya leo haijionyeshi. Wajukuu wetu wangekua wakijua sura ya mtu asiyekuwepo.

Asubuhi nikarudi saiba. Tukaifungua ile faili tusiyoigusa, tukaanza upya. Mikunjo ikaondolewa, doa likapunguzwa umanjano, kidevu kikaachwa. Tukachapa nakala sita. Faili iko kwenye flashi mbili, moja nimekuja nayo Mombasa, na nyingine anayo mkaza mjomba, pamoja na picha yenyewe, amezifunga ndani ya leso.